Jumamosi nne za kusoma ripoti, Langoni

Mimi ni mchuuzi wa pweza. Nanunua kwa wachokoaji wa Pate na Kizingitini, wanaowatoa pweza mashimoni kwa kijiti kiitwacho mchokoo, mzigo unafika gatini hapa Amu, yaani mji wa Lamu, Kenya, ndani ya boksi la barafu, nami nausambaza kwa mahoteli ya Shela na kwa wapishi wa mjini. Natanguliza hilo ili msomaji ajue anayelisifu na kulikosoa darasa hili la kusoma ripoti za athari za miradi kwa mazingira ni nani, na kwa nini alitoa pesa yake. Sikwenda kutafuta cheti. Nilikwenda kwa sababu jina langu liliwahi kutumika bila sauti yangu.

Miaka michache nyuma tuliitwa mkutanoni kuhusu mradi mmoja wa kando ya bahari. Mwito ulipitishwa kwa kipaza sauti jioni, mkutano ukawa kesho yake asubuhi. Wataalamu walionyesha picha ukutani na kueleza kwa Kiingereza, mkalimani akawa anangoja dakika kumi zipite, kisha anatufupishia kwa sentensi moja: "Wanasema madhara yatadhibitiwa." Tukapewa soda na nauli, tukaandika majina, namba za kitambulisho na saini. Sikufungua kinywa siku ile, wala wanawake wanne niliokaa nao. Miezi ikapita, mpwa wangu akanionyesha kwenye simu yake kiambatisho cha ripoti. Jina langu limo, katika orodha ya wananchi walioshirikishwa. Nililia. Nilihisi nimetia saini kuhusu mwamba ambao mama yangu alinilea nao, na sikujua nilichokubali.

Kwa hiyo nilipoona karatasi imebandikwa mlangoni mwa duka la fotokopi huku Langoni, ikisema kuna darasa la kusoma ripoti za mazingira kabla ya mikutano ya maoni, niliingia kuuliza siku hiyo hiyo. Bei ni shilingi 300 kwa kikao, au 1,000 ukilipa vikao vyote vinne kwa pamoja. Ndani ya bei hiyo mna chai ya maziwa yenye iliki na mahamri mawili. Darasa liko ghorofani, juu ya fundi cherehani, linaanza baada ya swala ya alasiri na kuishia karibu na magharibi. Anayefundisha ni mwalimu mstaafu wa baiolojia, anasaidiwa na binti aliyesomea sheria. Tulikuwa kumi na wanane: wavuvi, mabaharia wawili, fundi wa majahazi kutoka Matondoni, muuza mikoko, mwalimu wa madrasa, na wanawake watano.

Kikao cha kwanza kilinishika toka mwanzo. Mwalimu alitugawia kurasa za ripoti moja ya zamani akasema tuanze nyuma. Kiambatisho kwanza, kwa sababu ndiko waliko watu: nani alihudhuria, tarehe gani, alisema nini, na kama alichosema kimejibiwa popote mle mbele. Kisha ramani, utafute nyumba yako iko umbali gani. Muhtasari wa mwanzo usomwe mwisho, alisema, maana umeandikwa kukutuliza. Tukafanya hivyo. Akatuuliza pweza ametajwa mara ngapi. Tukatafuta watu kumi na wanane, kila mtu na karatasi zake. Alitajwa mara moja, kwenye jedwali la mazao ya bahari, kwa kilo.

Halafu binti wa sheria akatusomea maana ya neno "mazingira" katika Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, akitafsiri pole pole. Sikuwa nimewahi kuisikia. Inataja ardhi, maji, hewa na tabianchi, lakini pia inataja sauti, harufu na ladha, na wanyama na mimea, na uzuri wa mandhari. Fundi wa Matondoni akamwambia, "Mwanangu, hebu rudia hapo kwenye ladha." Akarudia. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema miaka yote amedhani ladha ya samaki wake ni jambo lake yeye na mkewe, kumbe sheria inaijua.

Kikao cha pili ni cha sheria tupu, na ndicho nitakachokipendekeza hata kwa mtu asiye na muda wa mengine. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama. Cha 69 kinaitaka serikali ihimize wananchi kushiriki katika kuyasimamia. Kanuni za 2003 za tathmini ya mazingira zinaeleza kwa vitendo: mabango yabandikwe karibu na eneo la mradi, tangazo litoke gazetini na redioni kwa wiki mbili mfululizo, redioni litumike pia lugha ya wenyeji, na ifanyike mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoguswa. Nilikumbuka kile kipaza sauti cha jioni moja.

Kisha tukasoma kesi ya makaa ya mawe. Mji mzima unaijua hadithi hii: mtambo wa megawati 1,050 ulipangwa kujengwa Kwasasi, leseni ikatolewa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, Septemba 2016, na tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikaifuta. Kuna mle darasani walioandamana kwa ajili hiyo, na mmoja bado ana fulana yake. Lakini wengi wetu tulijua tumeshinda bila kujua tulishinda kwa hoja gani. Mwalimu alitufanya tuitafute wenyewe kwenye hukumu. Mikutano ilikuwepo, hilo lilikubalika. Ila ilikuwa mikutano ya kuutambulisha mradi, iliyofanyika kabla utafiti haujakamilika. Utafiti ulipotoa matokeo, watu hawakurudishiwa ili wayajadili kama inavyopasa. Mahakama ikasema ripoti bila ushiriki wa umma ni kama mtoto aliyezaliwa mfu, hata iwe nene vipi. Mwenye mradi alikata rufaa, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikaikataa. Na kabla ya hapo, 2018, Mahakama Kuu huko huko Malindi ilikuwa imeamua kwamba wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyopata kutokana na ujenzi wa bandari. Binti wa sheria alitueleza kwamba majaji waliutambua uvuvi wetu wa jadi kuwa haki. Mwanamke aliyekaa kando yangu aliandika neno hilo, "haki", akalipigia mstari mara mbili.

Sasa nifike kikao cha tatu, ambacho kwenye karatasi ya mlangoni kiliandikwa "Fahamu ya viumbe". Wanne hawakuja siku ile. Walidhani hakiwahusu. Na mimi nilidhani tutafundishwa kupenda wanyama.

Mwalimu alianza kwa kuandika ubaoni: maji ya kifuu, bahari ya chungu. Akauliza, je, chungu mwenyewe, yaani sisimizi, anajua yumo baharini? Kuna kinachoendelea ndani yake akizama, au ni miguu tu inayojipapatua? Tukacheka kwanza, kisha tukaona hatuna jibu. Akatuomba tutenganishe mambo mawili. Mkono wako ukigusa sufuria ya moto unaruka kabla hujasema uwi; huo ni mwili unaojilinda. Uchungu wenyewe unakuja nyuma, na huo unausikia wewe peke yako. Mtu aliyepoteza fahamu, ukimfinya mguu wake unaweza kuvutika, lakini hatusemi ameumia kama tunavyoumia sisi. Swali la wanasayansi wa fahamu ni hilo: kwa kiumbe asiyesema, utajuaje kama uchungu huo wa pili umo ndani yake?

Akatupa historia kwa ufupi. Mwaka 2012 kundi la wanasayansi wa ubongo walikutana Cambridge, Uingereza, wakatangaza kwamba binadamu si peke yake mwenye maumbile ya neva yanayoleta fahamu. Walitaja wanyama wanyonyeshao na ndege, na wakamtaja pweza kwa jina. Mwaka 2021 kikundi kilichoongozwa na mwanafalsafa Jonathan Birch, katika chuo cha London School of Economics, kilichambua tafiti zaidi ya 300 kwa vipimo vinane. Vipimo hivyo ndivyo vilivyonishangaza, kwa kuwa baadhi yake ni vitu ambavyo mchokoaji anaviona. Je, mnyama akijeruhiwa anakitunza kidonda? Je, anakubali kuumia kidogo ili apate kitu kikubwa, au anarudi nyuma kila mara bila kupima? Je, anajifunza kukwepa mahali alipoumizwa? Je, dawa ya ganzi inabadilisha mwenendo wake? Kwa pweza walikuta ushahidi wenye nguvu sana. Kwa kaa, wenye nguvu. Mwaka uliofuata Uingereza ikapitisha sheria inayowahesabu pweza, ngisi, kaa na kamba kuwa viumbe wenye kuhisi, na ikaunda kamati ya kuangalia kama serikali inawazingatia inapopanga mambo yake.

Akatueleza jaribio moja la mtafiti wa Marekani, Robyn Crook. Pweza alichomwa sindano ya asidi, akawekwa katika chumba alichokuwa akikipenda. Baada ya hapo hakukitaka tena chumba kile. Alikuwa akiupapasa mkono ulioumia kwa mdomo wake, akiutafuna ngozi pale pale. Alipopewa dawa ya ganzi, akakipenda chumba alimopata nafuu.

Hapo niliinua mkono. Nilisema: Mwalimu, mama yangu alijua haya. Nikaeleza jinsi alivyonichukua mwambani maji yakipwa sana, nikiwa na miaka saba au minane, akinionyesha mlango wa pweza: vijiwe na makombe yamepangwa mbele ya shimo, kwa sababu pweza hujifungia. Mama akimkuta jike anayeatamia mayai, hakutia mchokoo. Alisema huyo hali kitu mpaka watoto watoke, kisha anakufa, tumwache amalize kazi yake. Na pweza akikatwa mkono na mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, huwa mkali wiki nzima, haji kwenye mchokoo kama wenzake. Mwalimu aliweka chaki chini, akaniomba nirudie pole pole, akaandika. Akasema huo ni uchunguzi, na kama unaandikwa na tarehe na mahali, basi ni ushahidi. Sijawahi kuambiwa hivyo na mtu aliyesoma.

Mwalimu wa madrasa naye akauliza lililokuwa moyoni mwa wengi. "Mwalimu, Mwenyezi Mungu ametuhalalishia chakula cha bahari. Sasa tuseme tunakosa?" Mwalimu alijibu kwa adabu kwamba uhalali haukuguswa na utafiti wowote. Ila mwenyewe mwalimu wa madrasa akaendelea, kama anayejijibu: Sura ya Al-An'am inasema hakuna mnyama ardhini wala ndege anayeruka ila ni umma kama nyinyi, na Mtume ametufundisha kunoa kisu na kumpumzisha mnyama anayechinjwa. Chumba kilitulia. Nilifikiria boksi langu la barafu, na wale wanaofika humo bado mikono inajikunja.

Jambo la mwisho la kikao hicho ndilo lililounganisha kila kitu, na inaniuma kwamba lilipewa dakika kumi tu, adhana ikakaribia. Aprili 2024, New York, wanasayansi na wanafalsafa walitoa tamko: palipo na uwezekano wa kweli kwamba mnyama ana fahamu, ni kutowajibika kuupuuza uwezekano huo katika maamuzi yanayomgusa. Hawakusema wana uhakika. Walisema uwezekano unatosha kuwekwa mezani. Na Birch ameandika kwamba mwanasayansi hapaswi kuamua peke yake tahadhari iwe kubwa kiasi gani. Anaweza kukwambia ushahidi uko wapi, lakini kupima tahadhari dhidi ya riziki ya watu ni kazi ya watu. Anapendekeza mabaraza ya raia wa kawaida, wapewe ushahidi, waulize, wajadiliane, waamue. Aliposema mabaraza, fundi wa Matondoni alitazama nje dirishani, kwenye baraza za mawe za nyumba ya jirani, ambako wazee walikuwa wamekaa. Sisi wa Amu tunayo milangoni.

Na huko Pate watu wameshaanza. Kuna vijiji vinavyokubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha kufungua siku moja wote pamoja. Njia iliyoanza Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004. Mimi nanunua mzigo wa siku za kufungua, najua uzito unavyopanda. Lakini sikuwa nimeiona kama maamuzi ya mazingira. Niliiona kama habari za wifi zangu.

Kikao cha nne ni cha kuandika na kusema. Unaandika waraka wako wa maoni, ukurasa mmoja, kisha unasimama na saa mbele yako, dakika tatu. Binti wa sheria anakukatiza makusudi, kwa sababu na huko watakukatiza. Anakufundisha kusema jina lako, kijiji chako, na ukurasa wa ripoti unaoujibu, kabla ya jambo lolote. Anakufundisha kuomba nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na usiandike saini kwenye karatasi isiyo na kichwa cha habari. Waraka wangu uliuliza kwa nini pweza amehesabiwa kwa kilo tu. Ni mashimo mangapi yaliyoko kwenye eneo litakalochimbwa, yamechunguzwa msimu gani, kusi au kaskazi, na nani aliulizwa miongoni mwa wanawake wanaochokoa. Mara ya kwanza nilitetemeka. Mara ya tatu nilimaliza na sekunde kumi na tano mkononi.

Sasa kasoro. Ngazi ya kupanda darasani ni nyembamba na mwinuko wake ni mkali. Mzee mmoja aliyelipa hakuweza kupanda kikao cha pili, na hakurudishiwa pesa mpaka nilipomwambia Mwalimu. Fotokopi zimefifia, ramani zilikuwa weusi mtupu, na ramani ndiyo roho ya ripoti. Kikao cha fahamu kingekuwa viwili. Baadhi ya wanafunzi walitoka wakidhani wameambiwa waache kula pweza, jambo ambalo halikusemwa kabisa. Ilibidi nisimame nao chini kwa fundi cherehani nikawafafanulia. Ile ripoti ya London yenyewe inakiri kwamba kwa pweza hakuna bado njia ya kuua isiyotesa inayofaa kwa biashara kubwa. Sisi biashara yetu ni ya mkono mmoja, pweza mmoja. Mchokoaji anayejua hupiga kisu katikati ya macho, ulipo ubongo, na mara moja imekwisha. Tangu mwezi uliopita nawaomba hivyo wote ninaonunua kwao, na wanaofanya nawaongezea kidogo kwa kilo.

Kasoro kubwa kuliko zote ni siku. Jumamosi nne mfululizo maana yake mbili zitaangukia bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, na bamvua ndipo wanawake wa pweza wako mwambani. Katika wanawake watano mle ndani, mchokoaji alikuwa mmoja, naye alikosa vikao viwili. Asiyekuwapo na lake halipo. Darasa linalofundisha kwamba mikutano iitishwe kwa wakati wa watu haliwezi kuwa nalo linaitisha kwa wakati wake. Nilimwambia Mwalimu hivyo siku ya mwisho, kwa heshima, mbele ya wote, nikitumia dakika zangu tatu. Hakukasirika. Alitoa kalenda ya mwezi mfukoni, ile ndogo inayouzwa karibu na msikiti, tukaikagua pamoja mimi na yeye na yule mchokoaji mpaka mwanga ukapungua.

Nalipatia darasa hili nyota nne kati ya tano. Linamfaa mvuvi, mchuuzi, mwenye shamba Mokowe au Hindi, kijana anayetafuta kazi bandarini, na hasa mtu ambaye amewahi kuandika jina lake kwenye karatasi ya mahudhurio. Kuwa na kalamu yako, na uende mapema upate kiti cha karibu na dirisha, kwani joto la juu ni kali. Nyota ya tano nimeiweka mpaka darasa livuke maji.

Duru mpya inaanza siku ya saba ya mwezi mwandamo na kuendelea siku ya ishirini na mbili, maji yakiwa mafu, yasiyopwa sana. Wifi yangu wa Pate nimeshamlipia elfu moja. Jana alinipigia akaniuliza aje na nini, nikamwambia aje na miwani, na hesabu ya mashimo.